Kesi ya Dereva wa Sinema

Gari la sinema lilipokuja kijijini kwetu halikuja kutuburudisha. Lilikuja kutufundisha. Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa si mbali na msitu wa Mgori, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi, na serikali ilikuwa na mengi ya kutuambia. Tulionyeshwa sinema ya choo, tukakutana kesho yake, tukapitisha azimio, tukachimba vyoo. Tulionyeshwa sinema ya wadudu wa ghalani, tukakutana, tukajenga ghala. Kila sinema ilifungwa na mfasiri kwa maneno yale yale kwenye kipaza sauti: "Ndugu wananchi, mmejionea wenyewe. Sasa mkajadili." Nasi tulikuwa watu watiifu. Tulijadili.

Kabla sijafika kwenye sinema iliyotuharibia kijiji, sharti niseme habari ya dume.

Kijiji kilikuwa kimepewa dume la mbegu, jekundu, shingo nene, lenye cheo kuliko watu wengi. Lilikabidhiwa kijana mmoja aliyechunga ng'ombe wa kijiji, yatima aliyelelewa na bibi yake upande wa Ikungi. Kijana huyo alikuwa mchumba wangu. Alikuwa mpole, mrefu, akisalimia wakubwa anainama mpaka unaogopa ataanguka. Mimi nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, nina chaki, nina mdomo, na nilimpenda. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu siku zile hakuna aliyeniuliza.

Baba yangu naye alikuwa dereva wa trekta la kijiji, na trekta lilikuwa moja tu kutoka kwetu mpaka huko macho yanakokoma. Baada ya mavuno alikwenda Iguguno na Mwenyekiti wa kijiji kupeleka mtama na alizeti kwenye tela, na kurudi na mbolea. Safari ya kwenda ni kazi. Safari ya kurudi, kwa kuwa pombe ya Iguguno ilikuwa na sifa zake, ilikuwa ni majadiliano. Jioni moja walirudi wamechelewa, wamenyamaza, na taa moja ya trekta imevunjika. Baba alisema amegonga tawi. Kijiji kizima kiliiona taa ile, na kijiji kizima kiliamini tawi.

Jioni hiyo hiyo dume halikurudi zizini. Mchumba wangu alilitafuta usiku kucha. Baadaye tai wakaonekana wakizunguka juu ya korongo, kando ya njia ya Iguguno, wakubwa wakasema ni simba wa Mgori. Hakuna aliyekwenda kuhakikisha, maana ukishasema ni simba, kwenda kuhakikisha si ushujaa, ni upumbavu.

Mwenyekiti aliitisha mkutano, akazungumza kwa uchungu juu ya mali ya umma. Kijana akatiwa hatiani kwa uzembe. Akanyimwa sehemu yake ya mavuno, akapewa kazi ya kung'oa visiki katika shamba la pamoja, peke yake, msimu mzima. Hakujitetea. Alisema tu, "Lilinitoka mkononi." Baba yangu hakusema kitu mkutanoni, lakini nyumbani alisema mengi. Alisema hawezi kumpa binti yake mtu asiyeweza kuangalia ng'ombe mmoja. "Leo dume, kesho mke," alisema. Akavunja uchumba, na kabla machozi yangu hayajakauka akapokea wazee kutoka Mitundu, walioleta posa ya mfanyabiashara mdogo mwenye duka, tumbo na wake wawili. Nilipangiwa kupelekwa Mitundu baada ya mavuno yanayofuata.

Nililia, nikagoma kula, nikachoka kugoma nikala. Mama alinifariji kwa kusema kwamba Mitundu hawakosi chumvi. Kila asubuhi nikienda darasani nilipita shamba la pamoja, nikamwona mchumba wangu ameinama juu ya kisiki. Alininyooshea mkono kidogo, kisha akaendelea kupiga shoka. Nilidhani ni aibu inayomfunga mdomo.

Basi, gari la sinema likaja. Dereva wake alitueleza kwamba mjini wamechanganya mizigo, sinema ya kuchemsha maji imekwenda kwingine, na yeye ana hii moja tu ambayo hata hajaiona. Mwenyekiti alisema ionyeshwe, maana watu wameshakaa. Giza lilipoanza kuingia, kitambaa kikatundikwa kwenye ukuta wa ghala, mtambo wa umeme ukaanza kukohoa, na mfasiri akashika kipaza sauti. Lugha ya sinema ile sijui ilikuwa ya wapi. Nina hakika hata mfasiri hakujua, ila alikuwa mtu wa kazi, hakuiacha imshinde.

Marafiki wawili wanaondoka na gari dogo kwenda kutembea milimani. Wanakula, wanacheka, wanakunywa. Wakati wa kurudi mvua inanyesha, na kwenye kona wanamgonga mtu wa baiskeli. Anakufa. Wanatazamana. Halafu wanamburuta mpaka mtoni, na baiskeli yake pia. Polisi wanamkamata maskini mmoja anayelala chini ya daraja, wanamtia ndani. Marafiki wanarudi kazini. Hapo ndipo moyo wa dereva unapoanza kumla: ananawa mikono kila mara, akisikia kengele ya baiskeli anaruka, hapiti tena njia yenye ile kona, anazunguka mbali. Rafiki yake anamwambia nyamaza. Mwisho tunamwona amesimama mbele ya mlango wa polisi, mkono ameuinua, na uso wake umejaa kitambaa chote. Kisha pakawa peupe. Kipande cha mwisho hakikuwemo ndani ya mzigo.

Watu walipiga kelele. Aliingia? Hakuingia? Mfasiri alijikuna kichwa, akatafuta maneno, na alipoyakosa akarudia yale aliyoyazoea: "Ndugu wananchi, mmejionea wenyewe. Sasa mkajadili."

Nilimtafuta baba kwa macho. Alikuwa ameondoka pale baiskeli ilipogongwa. Mama alisema vumbi limemwingia kifuani.

Asubuhi kijiji kizima kilikuwa mbele ya ghala, hata kabla Mwenyekiti hajafika. Alipofika na kuona watu wamekaa, alishtuka. "Ndugu wananchi, jambo hili la sinema halimo kwenye ajenda," alisema. Akajibiwa na mzee mmoja wa Kinyiramba, mtani wa kijiji, mtu ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kusema yale wengine wanayoyameza, na kwa kuwa ni mtani hukasiriki.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "ulipotuonyesha choo, tulichimba. Ulipotuonyesha mdudu, tulijenga. Leo umetuonyesha mtu amekufa, unataka tukalale?"

Watu wakasema ni kweli. Sinema ni sinema, azimio ni azimio.

Sasa, kwetu kuna desturi moja. Wengine husema asiyekuwepo na lake halipo. Sisi hatukukubali hilo katika kesi. Kesi haisikilizwi mbele ya kigoda kitupu. Mshitakiwa asipokuwepo, ndugu yake hukaa kwenye kigoda na kusema kwa niaba yake, wala hasemi "yeye", husema "mimi". Akikosea, mwenyewe atalaumiwa. Akisema vizuri, mwenyewe atapona. Lakini dereva wa sinema alikuwa hana ndugu kwetu. Wazee wakashauriana, wakaona undugu wa kazi unatosha. Nani katika kijiji hiki anajua usukani?

Baba aliitwa. Alikataa, akasema ana trekta la kutia mafuta. Mtani akamwambia trekta halina kesi. Akakaa.

"Na yule maskini aliyefungwa bure, nani amkalie?" mzee mmoja aliuliza.

Mtani alitazama huku na huku, akamwona mchumba wangu amesimama nyuma na shoka lake. "Huyu hapa. Hana kazi anayoijua zaidi ya kulaumiwa." Watu walicheka. Mimi sikucheka. Akaletwa, akainama kumwamkia baba, "Shikamoo, mzee," akakaa kwenye kigoda cha pili. Hivyo ndivyo walivyokutana uso kwa uso, baba yangu na mtu aliyemkataa, mbele ya kijiji kizima, kwa sababu ya mtu wa baiskeli ambaye hatukumjua hata jina. Mwenyekiti, ambaye ndiye aliyekuwa hakimu, alitoa leso akajifuta jasho, na jua bado lilikuwa changa.

"Tusikie haraka tufunge," alisema. "Kuna palizi."

Baba alianza polepole, sauti ya chini, kama mtu anayesoma maneno ya mwingine. "Mimi sikukusudia. Nilikuwa natoka safari. Nilikunywa, sikatai, lakini sikulewa."

"Safari zote za kurudi ziko hivyo," alisema mtani.

"Alitokea pembeni. Hakuna mtu angemwona. Nilikanyaga breki, nikaikanyaga kwa miguu yote miwili." Hapo sauti ilianza kupanda. Niliona mikono yake imeshika kitu kisichokuwepo. "Nyie mnadhani breki ni mchezo? Mzigo ni mzito, barabara inateremka kwenye korongo, mbolea imejaa, tela linanisukuma kwa nyuma! Nitafanya nini mimi? Tela linasukuma!"

Kuku alipita katikati yetu bila haraka.

"Tela?" alisema mtani. Safari hii hakuwa na utani. "Gari la jana lilikuwa dogo, lina viti. Tela limetoka wapi?"

Mwenyekiti alisimama. "Nadhani tumeelewa. Ajali ni ajali. Naahirisha."

Wala hakuna aliyesimama naye. Nilimtazama baba, na ndipo vitu nilivyokuwa nimeviona kwa macho tu vikaanza kuingia akilini. Taa ya trekta. Tai. Jinsi baba alivyoacha kupita njia ya korongo, akawa anazunguka mbali, akisema ile njia ya kawaida ina miiba. Nilikuwa nimevila vyote hivi msimu mzima, pamoja na ugali, na sikuona ladha. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini labda kuna wakati ingefaa aambiwe.

Na hapo mchumba wangu akafanya jambo lililomaliza kila kitu. Alijaribu kumwokoa baba.

"Wazee wangu," alisema, akiwa bado kwenye kigoda chake, macho chini, "pengine dereva amechanganya. Jana kulikuwa na giza, sinema yenyewe haikuwa wazi. Mimi mfungwa sina neno naye. Kosa ni langu. Nisingemwacha anitoke mkononi, asingefika barabarani."

Mtu wa chini ya daraja hakumwacha mtu yeyote amtoke mkononi. Hata mtoto angejua hapa hatuzungumzii tena baiskeli.

Baba alimgeukia. Uso wake ulikuwa wa kijivu. "Kijana," alisema, "unajua?"

"Najua, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Niliziona alama za magurudumu. Nilifuata mpaka korongoni, nikaona miiba mliyofunikia." Kisha akaongeza, kana kwamba anaomba radhi, "Niliongeza mingine, maana ilikuwa michache."

Sijawahi kumwona mwanamume akilia vile. Baba alishuka kwenye kigoda akakaa chini mavumbini, akasema yote. Dume lilitokea pembeni likasimama katikati ya njia, yeye akaligonga, likavunjika miguu, wakalimaliza kwa shoka, wakalikokota kwa trekta. Walikuwa wawili, alisema. Watu wote waligeuka kumtazama Mwenyekiti.

"Mimi nilikuwa juu ya tela," alisema Mwenyekiti. "Nilikuwa nimelala."

"Ulikata miiba ukiwa umelala?" aliuliza baba.

Siku hiyo tulikuwa na azimio zuri kuliko yote tuliyowahi kupitisha. Baba na Mwenyekiti wangelipa dume kwa ng'ombe wao wenyewe. Kijana angerudishiwa mavuno yake, na visiki vilivyobaki wangeving'oa wale wawili, na Mwenyekiti angevua uenyekiti wake kwanza ili usichafuke. Mtani alisema mfasiri aandikiwe kwamba sinema imeeleweka. Watu walikuwa wamejaa furaha ya ajabu, ile furaha ya kugundua kwamba mwovu ni mwingine. Wale wale waliopiga makofi kijana alipohukumiwa sasa walimpiga makofi ya pongezi mgongoni. Mchana mmoja ukafuta msimu mzima.

Kisha baba akasimama, akajifuta uso kwa kofia, akamshika kijana mkono. "Mwanangu," alisema, "nilikukataa kwa sababu nisingeweza kukutazama kila siku ukila nyumbani kwangu. Wa Mitundu nitawarudishia maneno yao. Binti yangu ni wako. Mchukue hata leo."

Vigelegele vikapanda. Wanawake walinikumbatia. Mama alikuwa analia na kucheka. Nilikuwa nimepata kila nilichokililia, na nilikuwa nimepewa kama vile wanavyorudisha jembe la kuazima.

Mwenyekiti, kabla hajavuliwa, alipenda sana kutuambia kwamba katika kijiji cha ujamaa na mwanamke ana sauti. Nikanyoosha mkono. Vigelegele vikakatika.

"Nina swali kwa ndugu mfungwa," nilisema.

Mchumba wangu alinitazama. Alikuwa anatabasamu. Sura yake hiyo ninayo mpaka leo.

"Ulijua tangu siku ile."

"Nilijua."

"Uliniona nikipita kila asubuhi. Ulijua napelekwa Mitundu."

"Nilijua."

"Tuseme gari la sinema lisingekuja. Au lingekuja na sinema yake ya maji. Ungesema lini?"

Hakuwa mwongo. Hilo nitamshuhudia popote. Alifikiri, akainamisha kichwa, akasema kwa ule upole wake, "Nisingesema. Yule ni baba mkwe. Mkwe haaibishwi."

Wazee wakaguna kwa kuridhika. "Huyo kalelewa," mmoja alisema. "Huyo ni mtu." Baba alizidi kumshika mkono. Hata mtani alitikisa kichwa kwa heshima. Nilitazama uso mmoja baada ya mwingine, nikitafuta hata mmoja aliyesikia nilichosikia mimi. Wote walisikia adabu. Mimi nilisikia kwamba ningepanda juu ya tela la baba na sanduku langu, ningepita karibu na shamba la visiki, yeye angeninyooshea mkono kidogo, kisha angeendelea kupiga shoka.

"Kwa kuwa umemheshimu yeye," nilisema, "basi muoe yeye."

Nilidhani watacheka. Hawakucheka. Mama aliniziba mdomo, lakini neno lilishatoka. Niliwaacha pale na vigoda vyao nikaenda darasani, nikafuta ubao ambao haukuwa na maandishi.

Sikuolewa Mitundu, na sikuolewa naye. Watu wamenieleza kwa miaka mingi kwamba nilikosa mume mwenye adabu, na sibishani nao, maana ni kweli tupu. Nilimpenda hata baada ya hapo, tena sana, na sikuwahi kumsamehe. Baba nilimsamehe mapema. Baba alikuwa mwoga tu, na mwoga ukimpata kwenye kigoda husema.

Jioni ya siku ile kijana alikuja kwetu. Alisimama nje ya ua akakohoa, kama inavyompasa mtu anayekuja ukweni, na baba akamkaribisha kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu safari ile ya Iguguno. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali. Nilisikia kila neno kupitia ukuta wa fito. Walizungumza juu ya lile dume, jinsi lilivyokuwa zito, jinsi walivyopata tabu kulikokota, na kijana akamweleza baba jinsi miiba yao ilivyokuwa imewekwa ovyo. Baba akacheka mpaka akakohoa. Kijana naye akacheka. Walikuwa wepesi, wamepona wote wawili. Nilingoja mmoja wao aniulizie. Ugali ulipoiva nikapakua, nikawapelekea, nikawanawisha mikono, yeye akasema asante bila kuinua macho, na wakala wakamaliza.